Kiraka Nilichokisugua

Kwako mume wangu mdogo,

Salamu nyingi zikufikie huko uliko, wewe na kifua chako kisichopenda baridi. Unakula? Unalala? Mimi mzima, goti tu ndilo linanisumbua, nalo tumeshazoeana. Anayeandika ni jirani yetu mshonaji, maana mimi na kalamu tulipishana njiani. Nimemwambia aandike ninavyosema, asinipambe. Simu sikuitaka. Ungenikatiza, nami ningepata pa kujificha.

Lile gari kuukuu la daktari bado liko juu ya mawe pale karakana, matako wazi, maana injini yake hukaa nyuma, nayo imetolewa. Mwenyewe alikuja jana kuuliza vyuma vyake vitapakwa rangi lini. Nikamwambia umesafiri kutafuta vipuri. Akarudia wimbo wake, kwamba anataka injini iwe kama ilivyotoka kiwandani, si ing'ae kama viatu vya bwana harusi.

Alipoondoka nikamkumbuka Kinyonga, nikashindwa kula. Miaka kumi na moja amekupakia rangi, na jina hilo ulimpa wewe. Unajua anavyofanya: akisafisha bati la injini huacha kiraka cha rangi ya zamani, ukubwa wa kiganja, akakifunika kwa utepe wa gundi. Halafu huchanganya rangi, akapaka vibati vya kujaribia, akavikausha kwa moto, akavitoa juani asubuhi na mchana kuvilinganisha na kile kiraka. Mimi nilidhani nyeusi ni nyeusi. Kumbe kuna ya kung'aa, kuna ya masizi, na ile ya daktari iko katikati, na bila kiraka hakuna wa kuikisia.

Siku ile ulipokuta kiraka cha bati la feni la injini ya daktari hakipo, ulimfokea Kinyonga mbele ya wateja. Ulimwambia macho yamezeeka, aende akapake mageti. Akavua aproni, akaikunja vizuri, akaondoka. Mimi nilikuwa mlangoni na birika. Ukanigeukia ukaniuliza kama nimeona mtu akiligusa bati lile. Nikakujibu kwamba chai inapoa.

Mjukuu wangu, ni mimi. Nilikuona umechoka mpaka unasinzia na kijiko mkononi, nikasema nikusaidie. Asubuhi ile nikakuta vyuma vyote safi, kimoja tu kimebandikwa plasta kama kidonda. Nikaibandua, nikaona doa. Nikalimwagia sabuni ya unga, nikalisugua kwa brashi ya waya mpaka likatoka lote, kisha nikajisifu, mwanamke mzima! Wiki tatu nimenyamaza, kwa sababu niliogopa utaniona bibi wa kukuharibia kazi. Mwenzio akakosa kazi, mimi nikibaki na heshima yangu.

Juzi nilikwenda kwake kumweleza. Akasema alijua tangu siku ile, alinikuta bombani naosha brashi, maji meusi tii. Hakutaka bibi wa mtu aaibike mbele za watu. Afadhali angenitukana. Nililia pale kwenye kiti chake mpaka mkewe akanipa kanga nijifute.

Halafu akaniuliza kama koili, lile kopo dogo la umeme lililofungwa kwenye bati la feni, ilikuwa imefunguliwa nilipokuwa nasugua. Nikasema hapana. Akacheka kidogo. Anasema chini ya kile kishikio cha koili lazima kumebaki ukanda wa rangi ile, upana wa kidole, na unamtosha. Lakini harudi kwa kuitwa na mimi. Ulimvunjia heshima mbele za watu, na mbele za watu hao hao umrudishie. Mimi nasema ana haki.

Basi njoo Jumamosi, wateja wakiwapo. Nitatangulia mimi kusema, kwa mdomo wangu huu, nani alisugua na nani alinyamaza. Nikimaliza, zamu yako. Usinitetee.

Mshonaji anakusalimu, amelowesha karatasi, msamehe. Jifunike vizuri.

Ni mimi mkeo mkubwa,
Bibi