Kopo la Maharage Thelathini

Jumapili, 7 Novemba 1982

Natangaza rasmi, mbele ya mashahidi ambao ni kuku wawili na jogoo asiye na mkia: leo saa tatu asubuhi kopo la mafuta ya Kimbo lililokuwa limekaa bure limeteuliwa kuwa shule ya msingi. Hotuba ilikuwa fupi. Jogoo aliondoka katikati. Kimbo yenyewe hatujaiona tangu mwaka juzi. Kopo tunalo.

Mwanafunzi ni mmoja, Kornelia, binti yangu, miaka sita au karibu. Mwalimu ni mimi, Xavery Margwe, darasa la tatu, pamoja na cheti cha elimu ya watu wazima chenye muhuri uliopinda. Nimetia maharage thelathini. Kila asubuhi anatoa moja, analitia kwenye kopo la pili, anahesabu yaliyobaki. Januari watoto wanaanza darasa la kwanza, nataka aingie akijua. Na kopo likiwa tupu, metimani yetu imekwisha.

Konsolata, mke wangu, alifariki Septemba pamoja na mtoto aliyekuwa anamzaa. Kwetu Wairaqw nyumba iliyofiwa hivyo inakaa peke yake — ndiyo metimani. Hatuendi kwa watu. Watu hawaji. Kikombe hatuchangii na mtu. Zamani ilikuwa mwaka mzima. Wazee wametupa hadi tarehe saba Desemba kwa kuwa mimi ni mtu wa kazi ya serikali. Padre hapendi mambo haya. Mama yangu anampenda padre na anaipenda metimani, kila mmoja kwa siku yake.

Kornelia aliuliza kopo likiwa tupu itakuwaje. Nikasema, watakuja. Nani? Nikasema, wote.

Neno jepesi. Lilitoka lenyewe.

Jumatatu, 8 Novemba

Yamebaki ishirini na tisa. Mwanafunzi anafika kumi na moja, anarudi tisa, kama ndama aliyeona mto.

Kazi yangu mpya ni kulinda kombaini iliyokufa. Imeharibika Agosti ngano ikiwa nusu haijavunwa, iko hapo mpakani mwa shamba la ngano la serikali, hatua mia mbili kutoka mlangoni kwangu. Spea iko ng'ambo inasubiri meli. Meneja hajui metimani ni nini, lakini hata angeijua asingenipangia kazi nzuri zaidi: siku nzima mimi na chuma, hakuna wa kumchafua kwa msiba wangu. Nayo haina wa kuzungumza naye. Tunaelewana.

Jirani yangu Gervasi, dereva wa trekta, husimama barabarani akapiga kelele. Leo kauliza kama kombaini imejaribu kutoroka. Nikamjibu iko chini ya ulinzi mkali. Aliacha chaki tatu juu ya kisiki, akaondoka ndipo nikaenda kuzichukua. Ndivyo tunavyopokea vitu siku hizi, kama ndege.

Ijumaa, 12 Novemba

Ishirini na tano. Anayafikia yote bila kurudi nyuma.

Tumejumlisha kwa nati za kombaini. Nati tatu, ongeza mbili. Akasema tano. Nati nne na nne? Akaangalia vidole, akaangalia mlima, akasema nane. Sijui mlima ulimsaidia vipi.

Kisha nikafanya kosa. Nikamwuliza nyumbani tuko wangapi. Mama yangu alikuwa anapeta mtama, akaacha ungo. Kornelia anamwita Ama, na mimi nimezoea kumwita hivyo. Ama akasema, wewe Margwe, watu wanahesabiwa tangu lini? Hesabu vyuma vyako. Watu na ng'ombe acha. Ukiwahesabu unamwonyesha mwenye kuchukua wapo wangapi.

Nikamwambia serikali ilihesabu watu wote mwaka sabini na nane. Akasema, na umeona hali tuliyo nayo.

Tukarudi kwenye nati.

Jumatano, 17 Novemba

Leo kopo lilitakiwa kuwa na ishirini. Lina kumi na saba.

Nilimwita mwanafunzi. Hakukataa. Alisema ametoa matatu zaidi ili siku zifike upesi. Kwa hiyo zamani yalikuwa mangapi, nikauliza. Ishirini. Ukitoa matatu? Kumi na saba.

Kutoa sijamfundisha! Nilipanga kuanza kutoa wiki ijayo, nimetayarisha na mifano. Amejifundisha mwenyewe kwa wizi. Nilikasirika kama mzazi na kufurahi kama mwalimu, uso ukashindwa kuchagua. Nikarudisha matatu. Nikamwambia siku hazisukumwi.

Akauliza, kwa nini?



Jumamosi, 20 Novemba

Kumi na saba ya halali.

Mzee wa Kibarbaig alipita na ng'ombe wake kwenye mabua ya ngano. Nalipwa kumfukuza. Sikumfukuza. Mabua ni mabua, na kabla ya shamba palikuwa pake. Metimani yetu haimhusu, akasogea, Kornelia akamwamkia shikamoo, akapokea kwa heshima zote.

Mtoto akamwuliza ana ng'ombe wangapi. Nikajua hapo tutaaibika. Mzee akacheka tu, akasema hajui, mwenye kujua ni wewe uliyesoma. Kisha akaegemea fimbo, akalitazama kundi polepole, mara moja, akasema yule mwekundu wa pembe iliyovunjika hayupo. Akageuka kumfuata alikotoka.

Jioni Kornelia kaniuliza amejuaje bila kuhesabu. Nikamwambia anawafahamu. Ukimfahamu mtu, nafasi yake unaiona.

Nimeyaandika maneno hayo hapa kwa sababu niliyasema vizuri, na kwa sababu baada ya kuyasema nilikwenda kukagua kombaini ambayo haikuhitaji kukaguliwa.

Jumatano, 24 Novemba

Kumi na matatu. Naandika taratibu.

Leo asubuhi amepanga vikombe vya bati juu ya mkeka. Vitano. Nikadhani anafanya zoezi. Nikamwambia hodari, sasa toa viwili. Akakataa. Akasema hivi havitolewi, hivi ni vya siku ile. Akavigusa kimoja kimoja, kwa sauti ndogo Ama asisikie. Cha Baba. Cha Ama. Changu. Cha Ayo. Hiki kidogo cha mtoto.

Ayo ni mama yake.

Siku Konsolata alipozidiwa, dada yake Natalia alimchukua Kornelia, akakaa naye Dongobesh wiki tatu. Aliambiwa, Ayo amekwenda hospitali kumchukua mtoto. Tukazika. Aliporudi nilidhani Natalia amemwambia. Ama alidhani nimemwambia mimi. Natalia, nadhani, alidhani sisi. Na kwa metimani hakuna mtoto wa jirani aliyeingia humu akaropoka.

Na mimi nikamwambia: wote.

Ndiyo maana alijifunza upesi. Nilijisifu bure.

Alhamisi, 25 Novemba

Kumi na mawili.

Nilimpigia Gervasi kelele za habari hii kutoka kwenye kombaini, yeye akiwa barabarani. Jambo la kunong'ona unalipigia kelele shamba zima. Alizima trekta. Halafu akasema, mwambie. Nikasema nitamwambia. Akasema, Margwe, mwambie wewe. Wakimwambia watoto wa shule, wale hawana lugha.

Nikasema kesho.

Akawasha trekta, akasema kwa juu ya mngurumo kwamba hata spea yetu inakuja kesho.

Jumapili, 28 Novemba

Nimefanya upuuzi. Nauandika ili usipotee.

Jana tuliacha kumi. Alfajiri kabla hajaamka nikaongeza mawili ya jikoni. Siku mbili za kufikiri, si nyingi. Nani angeona.

Aliamka, akaosha uso, akamwaga kopo kwenye mkeka. Akahesabu. Akahesabu tena. Akaniangalia.

"Baba, jana kumi. Leo kumi na mbili."

Nikasema labda panya.

"Panya hupunguza," akasema. "Hawaongezi."

Ama, aliyekuwa anachochea moto, aliinamisha kichwa na mabega yakamtikisika. Sikujua kama anacheka.

Kornelia akachukua maharage mawili akayatupa nje kwa kuku. Kisha akatoa moja la leo. Tisa. Akanipa kopo nilirudishe mahali pake, kama mtu anayempa mlevi mzigo mwepesi. Tangu aanze masomo haya ni mara ya kwanza mwanafunzi kumsahihisha mwalimu, na alikuwa sahihi.

Alhamisi, 2 Desemba

Matano.

Leo nilijaribu. Tulikaa kivulini mwa kombaini. Nilifikiri nipite njia tunayoijua, njia ya hesabu. Nikaanza, Kornelia, nyumbani tulikuwa watatu na Ayo, wanne. Sasa sikiliza. Wanne wakitoka —

Akaniziba mdomo kwa kiganja. Akatazama nyumbani. Akasema, Baba, watu hawahesabiwi, Ama atakuchapa.

Kiganja kilinuka chaki na grisi.

Alikiondoa. Tukahesabu matairi. Manne. Yote yamo.

Jumamosi, 4 Desemba

Matatu. Nilimwomba Ama amwambie yeye. Akasema yeye alizaa tisa na akazika watano, na hata siku moja hakutafuta mtu wa kumsemea msiba wake. Halafu akanipa kiazi cha kuchoma, kikubwa kuliko vyote.

Jumatatu, 6 Desemba

Moja.

Amevisugua vikombe kwa majivu mpaka vinang'aa. Kile kidogo amekisugua zaidi.

Nilifungua mdomo mara mbili.

Jumanne, 7 Desemba

Naandika saa kumi na moja jioni, nje, kwenye kigoda.

Asubuhi alitoa la mwisho. Aliinamisha kopo, akaligonga kitako, akaangalia ndani kwa jicho moja. Akauliza hii inaitwaje. Nikasema sifuri. Akasema hukunifundisha. Kweli. Nilikuwa naiahirisha.

Ama alikuwa ameamka mapema akaipaka nyumba samadi mbichi, akaweka chungu kikubwa cha makande motoni. Saa tano wakaanza kuja. Wazee mbele na pombe ya asali, wanawake na maziwa, shikamoo zikapishana mlangoni mpaka basi. Gervasi akaingia, akanishika mkono, hakuuachia mara moja. Tangu Septemba hatujagusana. Tukanywa wote kutoka kibuyu kimoja. Metimani imekwisha, akasema mzee. Watu wakapumua.

Kornelia alikaa njiani kwenye jiwe, vikombe viwili mapajani, kimoja kikubwa kimoja kidogo. Kila aliyepita, midomo ikachezacheza. Nilisogea nyuma yake kusikia. Thelathini. Nilimfundisha mpaka hapo tu. Akapita akajipeleka mwenyewe: thelathini na moja, thelathini na mbili. Watu wakaisha. Aliendelea kutazama njia.

Wa thelathini na mbili alikuwa Mwalimu Patriki wa shule. Nikaona hapa angalau kuna la kufanya. Nikamwita Kornelia, nikamwambia Mwalimu mtoto huyu anajumlisha, anatoa, hata ukimwibia anajua. Mwalimu akasema vizuri. Akamwambia apitishe mkono juu ya kichwa ashike sikio la upande wa pili, ndicho kipimo chao cha umri. Akanyoosha, akakunja shingo, akasimama kwa vidole vya miguu. Pengo lilibaki la punje moja ya ngano.

Bado, akasema Mwalimu. Aje mwakani.

Nikasema, Mwalimu, muulize hata moja. Kumi na saba toa tisa. Akaniwekea mkono begani. Hesabu tutamfundisha sisi, bwana Margwe. Mkono hatuwezi kuuvuta.

Kwa hiyo mwaka mzima mwingine yuko nyumbani, na mwalimu ni mimi.

Wageni wameondoka. Sasa hivi amekuja, ameviweka vikombe viwili chini mbele yangu. Amevifunika midomo chini.

"Wote wameshakuja?"

Nikasema ndiyo.

"Wote?"

Nikasema, wanaoweza kuja.

Aliangalia njia polepole, mara moja, kama yule mzee wa ng'ombe. Hakuhesabu. Aliingia ndani, akatoka na kopo la Kimbo, akalishika mbele yangu kwa mikono miwili.

"Weka mengine."

Nikauliza mangapi.

"Wewe ndiye unayejua."

Nimemwambia angoje nimalize kuandika. Anangoja. Amesimama hapa, namwona miguu.

Maharage hayapo. Ama aliyamimina yote, pamoja na yale thelathini, kwenye makande ya wageni, na makande yamekwisha.