Mate ya Gisiri

Kosele, 10 Februari 2024

Mama mpendwa,

Hujambo? Magoti yanaendeleaje na baridi ya Ntimaru? Mimi mzima, ila jua la huku limenichoma nimekuwa mweusi kama sufuria.

Kazi nimepata. Tunachimba makaburi ya watu walioishi hapa zamani sana. Kwenye jino moja wataalamu wanasoma DNA, wanajua nani alimzaa nani, na mke gani aliletwa kutoka mbali. Wanataka pia mate ya watu wa leo ya kulinganisha. Mimi nimeshatoa. Orpah, yule muuza samaki wa omena, atakuletea kichupa. Tema mate, ufunge, arudi nacho.

Binti yako,
Dorine

Ntimaru, 21 Februari

Mwanangu Dorine,

Salamu nyingi. Magoti ni yale yale. Kichupa nimekirudisha kikavu, usinikasirikie.

Kwanza niambie, nani amekutuma? Tangu tumzike nyanya yako Bhoke, Gisiri haishi kupita shambani akilipima kwa hatua. Jumapili alinikuta nikitoka kanisani, akauliza huku anacheka, eti kazi ya Dorine ni kupima damu? Alijuaje? Mimi sijamwambia mtu.

Unajua nilivyoolewa. Bhoke alifiwa na mumewe bila mtoto, akatoa ng'ombe wake mwenyewe akanioa mimi, nizae kwa jina la nyumba yake. Nikakuzaa wewe peke yako, na mwanamume hakuwa na haki yoyote hapo. Sasa Gisiri, mtoto wa shemeji yake Bhoke, anasema wewe si damu yao, kwa hivyo shamba ni lake. Wazee watakaa Septemba.

Usinipigie simu juu ya haya. Yangu huchajiwa kwa kina Gisiri.

Mama yako

Kosele, 3 Machi

Mama mpendwa,

Habari za huko? Mimi ni mzima wa mwili tu. Gisiri alikuja hapa kabla barua yako haijafika. Alileta ndizi, akasema anataka kusaidia wasomi. Nikafurahi, nikampa kichupa, akatema mpaka kikajaa. Nilikuwa mjinga, nisamehe.

Lakini hata wewe unanitia shaka. Mate yako yana siri gani?

Tumepata kaburi la mama mzee, amelazwa na msichana na watoto wawili. Hakuna hata mmoja aliye damu ya yule mzee. Bosi anasema huenda msichana alikuwa mtumwa wake. Nikakuwaza wewe.

Binti yako,
Dorine

Kosele, 30 Agosti

Mama,

Hujambo? Karibu miezi sita hujanijibu. Orpah anasema u mzima, nashukuru.

Majibu yamerudi. Yana namba tu, lakini orodha ya majina naiweka mimi, nikalinganisha namba na majina, jambo nisiloruhusiwa. Mama, Gisiri ni ndugu yangu. Baba yake ndiye aliyenizaa. Ndiyo maana ulikataa kutema? Nimelia siku mbili, kisha nikacheka. Anayesema mimi si damu yao ametutemea ushindi mwenyewe! Nimechapisha karatasi. Nitakuja nayo kwa wazee.

Binti yako,
Dorine

Ntimaru, 4 Septemba

Dorine,

Leo sina salamu. Choma hiyo karatasi.

Ukisimama useme wewe ni mtoto wa baba yake Gisiri, umejitoa kwa Bhoke kwa mdomo wako mwenyewe. Utakuwa wa nyumba yao, na mkubwa wa nyumba hiyo sasa ni nani? Ni Gisiri. Shamba la Bhoke litabaki halina mtoto, naye atalichukua akikuita dada. Wazee waache waulize ng'ombe wa mahari yangu walitoka zizi la nani. Wenyewe ndio waliowaswaga.

Yule mwanamume Bhoke alimchagua, akamfunga mdomo, na mimi nikafunga wangu miaka ishirini na sita. Nilikaa kimya kwa sababu niliogopa utaniona mtu mwingine. Bado naogopa.

Na bosi wako mwambie aulize habari za ng'ombe wa yule mama mzee wa kaburini, kabla hajamwita mwenzangu mtumwa.

Mama yako

Kosele, 13 Septemba

Mama mpendwa,

Nakusalimu kwa moyo wote. Wewe ni mama yangu yule yule.

Karatasi nimeichoma kwenye jiko la mama wa chai. Bosi nimemweleza kuhusu ng'ombe. Ameandika, ila sijui kama ameamini.

Leo Gisiri amekuja tena, bila ndizi. Ameuliza kama damu imekubali. Nimemwambia majibu ya mtu hayatolewi. Hakuondoka. Aliangalia sikio langu kwa muda mrefu, kisha akashika lake. Yamefanana, Mama, nyama za chini, ndewe, zimegandana na shavu. Sijui ameelewa nini, na naogopa.

Jumatatu nitafika kwa wazee. Nitafunga kitambaa mpaka chini ya masikio, na wakiniuliza mimi ni wa nani, nitajibu kama ninavyosaini hapa.

Dorine, wa nyumba ya Bhoke