Kunyamaza Kwangu Kwenye Simu

Nyumba ya nyuma ya soko,
Jumapili, 9 Machi

Mpendwa kitindamimba wetu,

Habari za huko kwenye baridi? Natumaini kifua kimepoa, na wifi na watoto hawajambo. Mimi mzima, ila magoti, nayo tumeshazoeana.

Tangu shemeji yako afariki, nyumba imekuwa kubwa mno. Sikufichi, upweke unanila. Juzi nilimimina chai vikombe viwili, nikavinywa vyote mwenyewe.

Sasa nikueleze kilichonifanya niandike. Jana kaka yetu mkubwa alikuja na mwenye lori, wakapima kabati na cherehani yangu. Eti nahamia kwake mwisho wa mwezi. Anasema uliniuliza kwa simu, nikanyamaza, nawe ukamwambia dada amekubali. "Kunyamaza ni kukubali," ananiambia mimi, dada yake, kidole juu.

Wewe niliyekubeba mgongoni unanijua. Hata kitambaa sikikati mpaka mwenye mwili aseme kwa kinywa chake. Majuzi bibi harusi aliletwa na shangazi yake. Kila nikimuuliza binti, shangazi anajibu. Nikaweka mkasi chini, nikamwomba mama wa watu atoke nje kidogo. Kumbe binti gauni lile halitaki hata kuliona.

Nilimuuliza jirani yangu, mwalimu mstaafu, neno ridhaa limetoka wapi. Akasema tumelipata kwa Waarabu, na limezaliwa tumbo moja na radhi na kuridhika. Basi ridhaa ni moyo kutulia, mdogo wangu. Wangu haujatulia. Siku ile nilinyamaza kwa sababu nilikuwa nalia, nikaona haya usinisikie.

Sisemi sihami. Huenda nikahama, maana kuta hizi hazijibu salamu. Lakini nimemwambia mwenye lori asije mpaka nimwite mimi. Kaka amenuna, ataacha akichoka.

Msalimie sana wifi, na yule binti yako mchekeshaji mwambie shangazi anamshonea sketi, achague rangi mwenyewe. Mola awafunike kwa rehema zake huko ugenini.

Nipigie, uniulize upya. Nikinyamaza, usikate simu. Ningoje.

Dada yako akupendaye,
Fundi