Asali ya Nyuki Wadogo

Jumatatu, 6 Mei

Chai ya rangi, haina kitu. Nimekoroga hata hivyo. Mkono una mazoea yake.

Mwezi wa pili huu sijatia sukari mdomoni. Soda hapana, andazi hapana, juisi hapana. Mama Jafari wa dukani anasema hajawahi kuona mtu wa hivi. Hawezi kuona, hakuna mwingine. Hapa Magamba mtu anaambiwa ana kisukari akiwa na soda mkononi, na anaimalizia kwanza.

Mchana ugali wa dona, kipande cha ngumi. Mchicha. Dagaa wa Ikola. Nimeandika vyote kwenye daftari la kliniki. Lile analisoma daktari na mwanangu Skola. Hili la kwangu halisomi mtu.

Viatu vya send-off vimefika. Rangi ya dhahabu, kisigino kifupi. Tarehe 29 Juni Skola anaagwa, na mimi naingia ukumbini mbele yake nikicheza, kutoka mlangoni mpaka meza kuu. Nimeshawaambia wote. Mimi niliishia la saba, mwanangu ana digrii, anafundisha hesabu sekondari Sumbawanga. Mama wa mtu kama huyo haingii kwa kutembea.

Jumatano, 8 Mei

Sala ya jumuiya ilikuwa kwa jirani. Wenzangu wamemiminiwa chai ya maziwa. Mimi nimeletewa chupa yangu peke yake, imebandikwa plasta, juu imeandikwa MGONJWA. Kwa kalamu nyekundu.

Mimi. Chai ya harusi na misiba ya Magamba yote ni mkono wangu. Masufuria yale makubwa, sukari naipima kwa kuonja mara moja tu. Leo napewa plasta.

Nimekunywa. Nimesema asante. Nawachukia wote mpaka Jumapili.

Alhamisi, 9 Mei

Kliniki. Sukari kumi na nne.

Daktari kijana kanitazama kama mbuzi aliyekutwa kwenye mahindi ya watu. Mama, unakula sukari wewe. Nikamwambia fungua daftari. Akafungua, akasoma. Kaongeza vidonge. Amesema miguu niitunze, nisivae kinachobana, kidonda kwangu hakitapona sukari ikiwa juu hivi. Nimemsikia.

Inaniuma. Najinyima, halafu naitwa mwongo.

Kwenye benchi nimekaa na Mama Limi, yule Msukuma wa Litapunga, mwenye ng'ombe wengi. Alikuwa analia. Kwake maziwa yamejaa na chai haruhusiwi kuinywa tamu. Nimemhurumia. Nikatoa kwenye mkoba chupa yangu ya asali nikampa. Ile ya nyuki wadogo, wasiouma, anayoniletea kaka Deusi kutoka Inyonga. Nyeusi, ina uchachu kwa mbali. Nikamwambia hii ndiyo siri yangu, vijiko viwili asubuhi, viwili jioni. Alinishika mikono yote miwili.

Baba yetu alikuwa mrina asali. Nyumbani kikohozi ni hiyo, kidonda ni hiyo, tumbo ni hiyo. Sukari ni kitu cha dukani, asali ni dawa, kila mtu wa kwetu anajua. Kwenye daftari la kliniki siiandiki. Vidonge vyao pia siandiki. Daftari ni la chakula.

Na binti wa kwetu haondoki kwa mama yake bila kulambishwa hiyo asali kwa kidole. Kinachobaki kidoleni mama anakilamba. Mama alinifanyia. Dumu la Skola limeshafika, liko chini ya kitanda.

Jumapili, 19 Mei

Nimevaa viatu kanisani ili vilainike. Kwenda na kurudi kwa mguu. Watu waligeuka! Katekista mwenyewe aligeuka.

Nyumbani nimevua, ndani kuna damu. Lengelenge limepasuka, kidole cha pili kutoka mwisho, mguu wa kulia. Sikusikia chochote njia nzima. Hilo limenitisha kuliko damu.

Nimepaka asali.

Ijumaa, 24 Mei

Uji wa dona. Kidonda kibichi bado.

Jumatatu, 27 Mei

Kidole kimebadilika rangi. Kina harufu. Nesi wa zahanati kasafisha, kasema nisiache kwenda kwa daktari.

Skola kapiga simu. Nilimwambia habari ya kidonda, nikamwambia na ile kumi na nne. Akaniuliza, Mama, sema ukweli, unakula nini huko? Kwa sauti ile ya kumbana mwanafunzi aliyeangalizia. Nilimnyonyesha mtu huyu miaka miwili na nusu. Niliuza pumba, niliuza maandazi, niliuza mpaka kitanda changu asome. Nikamjibu, soma daftari, mwalimu. Nikakata simu.

Jioni kapiga tena. Analia. Nisamehe mama, naomba ruhusa kazini, nakuja kuongea na hao madaktari mwenyewe.

Moyo wangu ukatulia. Nikalamba vijiko vyangu viwili, na kimoja cha furaha.

Alhamisi, 6 Juni

Siwezi kuandika vizuri. Naandika hivyo hivyo.

Kumi na saba. Skola alisimama mbele ya daktari na daftari langu. Sauti juu, benchi lote linasikia. Dokta, mama yangu hadanganyi. Nimesoma ukurasa kwa ukurasa, hakuna sukari hapa. Vidonge vyenu ndivyo havifanyi kazi, na mguu unaharibika mkimwangalia. Mimi nimekaa kama malkia. Nilitamani yule aliyebandika plasta angekuwepo.

Ndipo Mama Limi akaingizwa. Wanawe wamemshika huku na huku. Midomo imekauka, macho yameingia ndani. Wakampima, mashine ikakataa kutoa namba, sukari imeipita. Aliponiona akatabasamu.

"Dada," akasema, "dawa yako nimeimaliza. Umeniletea nyingine?"

Nesi akauliza dawa gani. Mama Limi akafungua fundo la kanga, akatoa chupa yangu. Nesi akainusa, akatia kidole, akalamba.

"Asali hii."

Daktari akanigeukia. Na wewe mama unatumia? Nikamjibu kichwa juu. Ya nyuki wadogo. Siyo sukari. Mtu mmoja kwenye benchi akacheka. Nesi hakucheka. Akasema taratibu, kama anaongea na mtoto, mama, nyuki wadogo, nyuki wakubwa, ikifika mwilini ni sukari.

Skola alifunga daftari. Hilo tu. Alilifunga.

Mama Limi kalazwa. Alikuwa anakunywa vijiko vinne vinne, kwa sababu mimi nilisema inaponya.

Ijumaa, 7 Juni

Skola alivuta dumu kutoka chini ya kitanda. La lita tano. Limebaki chini ya nusu, na hilo ndilo lililokuwa lake. Akalitazama muda mrefu. Najua alikuwa anapiga hesabu, ndiyo kazi yake. Jibu hakunitajia.

Laiti angegomba. Hakugomba. Alinifulia, akanipikia mlenda, akaniita mama kwa adabu kama ninavyoitwa na wageni.

Aliniaibisha? Mimi ndiye niliyemwaibisha. Aliwapigia watu wazima kelele kwa ajili ya daftari langu.

Nimemchukia baba yangu leo. Kafa zamani. Nimemchukia hivyo hivyo.

Jumatatu, 10 Juni

Kidole kimekatwa.

Jumatano, 12 Juni

Wanasema wamewahi. Kingebaki wiki nyingine ungekuwa mguu. Nishukuru. Kila anayeingia wodini ananiambia nishukuru. Kawaambieni wenye vidole kumi washukuru.

Mama Limi yuko wodi hii hii, kitanda cha dirishani. Siwezi kugeukia upande ule.

Ijumaa, 14 Juni

Mama Limi karuhusiwa. Kabla ya kutoka kaja kitandani kwangu, taratibu, anashika ukuta. Nilijiandaa kutukanwa. Kaniwekea kikombe cha maziwa, hayana kitu. Kasema, "Dada, wewe ulinipa ulichokuwa nacho."

Nimelia mpaka nesi kaja kupima presha. Afadhali angetukana.

Alhamisi, 20 Juni

Nyumbani. Kaka Deusi na wazee wamekaa, wanataka kuisogeza send-off mbele mpaka nipone. Nimekataa. Mwanangu hasogezwi na kidole. Skola kasema, mama, mimi nasubiri tu. Nimesema hapana mara tatu.

Sukari kumi. Asubuhi chai ya rangi. Mchana maharage, ugali wa ngumi. Jioni mlenda. Asali: sijagusa. Nimeliandika hilo kwenye daftari la kliniki, neno lenyewe, ASALI, na mstari chini yake.

Viatu nimempa wifi. Vinambana. Vizuri.

Alhamisi, 27 Juni

Ndugu wamejaa. Nje wanachemsha chai ya wageni kwenye masufuria yangu makubwa. Nimekaa kwenye kiti na mguu juu ya stuli. Harufu ya tangawizi na sukari imeingia mpaka kooni.

Waliniita nionje. Mama Jafari ndiye aliyesahau, akaleta kijiko mwenyewe. Nikamwambia mwite Skola aonje, ana ulimi wangu. Skola akaonja, akasema bado kidogo. Alikuwa sahihi. Niliona kwa rangi ya mvuke, sitaki mtu abishe.

Nina uchungu na kila kikombe kilichopita mbele yangu.

Jumapili, 30 Juni

Wameondoka wote. Nyumba ina sauti ya kuku tu.

Jana asubuhi, kabla ya ukumbi, Skola alikuja chumbani amevaa gauni lake. Akafunga mlango. Akavuta dumu mwenyewe, akalifungua, akapiga magoti. Nilidhani hatataka tena. Akasema, mama, kwetu siondoki hivi hivi.

Nikachovya kidole. Nikamlambisha. Alifumba macho kama alivyokuwa mdogo. Nilikuwa na maneno niliyoyapanga tangu mwezi wa tatu. Hayakuja. Nilisema tu, nenda ukale vizuri.

Kidole kikabaki na asali. Yeye akanitazama. Nikakifuta kwenye kanga.

Ndipo akanikumbatia. Mwalimu alilia, poda yote ikamwagika shingoni kwangu.

Ukumbini niliingia nimevaa malapa, nimemshika kaka Deusi. Pole pole, mlangoni mpaka meza kuu. Sikucheza. Watu walipiga makofi mengi mno, ya kumpigia mgonjwa. Niliyajua. Lakini nilifika, na mwanangu alikuwa nyuma yangu, na hakuna binti aliyeagwa Mpanda hii akapendeza vile.

Leo chai ya rangi. Nimeinywa polepole. Ina ladha ya majani. Miaka yote nilikuwa sijui majani yana ladha gani. Si nzuri sana.

Kanga ya jana niliiacha kwenye kamba. Nimekwenda kuitoa, sisimizi wamejipanga kutoka ukutani mpaka kwenye pindo. Ni hao hao walionichongea mwaka juzi, walipojaa kwenye mkojo wangu chooni Skola akawaona, akanipeleka kupimwa.

Sijawakung'uta. Nimekaa kwenye stuli nikawatazama mpaka jua likafika kwenye mguu.