Chakula cha Wenye Sare

Jumatatu, Agosti 4

Shule zimefungwa, lakini jiko la shule ya hapa mtaani Mowlem litawaka likizo nzima. Ni mara ya kwanza. Tangazo langoni linasema: chakula cha mchana, bure, kwa watoto wote. Nimelisoma mara mbili.

Triza, jirani yangu, anayefulia watu nguo Buruburu, ameketi chini kwa kucheka. Ana wasichana wawili: Kageha wa gredi ya pili na Jacky wa miaka minne, ambaye hajaanza shule. "Shosho, mwezi huu nitalala usingizi," ameniambia. Hapa mtaani kila bibi ni shosho.

Jumanne, Agosti 5

Kumbe "wote" ni wenye sare tu! Opicho, mwenyekiti wa wazazi, alisimama langoni akiwarudisha wengine. Hata Kageha, mwanafunzi wa pale pale.

Sare yake iko sandukuni. Hapa kwetu shule ikifungwa kila mama huifua, akaifungia kwa kufuli mpaka siku ya kufungua. Mtoto akiirarua michezoni, hakuna ya pili. Triza alikuwa Buruburu, ufunguo shingoni mwake. Aliyetunga sheria hii hajawahi kuwa na sare moja tu.

Alhamisi, Agosti 7

Kageha amevaa sare, amekula. Jacky alibaki nje, vidole kwenye waya wa ua, akimtazama dada yake akitafuna. Kageha alificha ndengu kwenye mkebe ampelekee. Opicho akazirudisha sufuriani mbele ya wenzake — chakula hakitoki nje.

Nilimwendea.

"Mama, mimi nitaulizwa. Sare ndiyo ushahidi."

"Ushahidi wa njaa?"

"Wa uanafunzi. Huyo mdogo aandikishwe Januari, atakula."

Januari.

Nimerudi nyumbani. Mwaka 2008, tulipofukuzwa shambani kwetu karibu na Kitale katika vurugu za uchaguzi, kijana mmoja kwenye kambi ya wakimbizi alinidai kitambulisho ndipo anipe unga. Kilikuwa kimeteketea na nyumba. Alitaka nithibitishe kwa kitu kilichoungua kwamba niliunguliwa. Bado nauota mparachichi wa nyuma ya jikoni, na kijana yule pia. Alikuwa na adabu sana. Kama Opicho.

Ijumaa, Agosti 8

Naandika nikiwa shuleni, kwenye benchi mbele ya jiko. Nimeingia na Jacky na wengine wasio na sare. Mlinzi aliona mvi zangu, akatupisha.

Opicho hakunifokea. Aliwaambia tu wapishi wafunike sufuria: hakipakuliwi chakula mpaka wasio na sare watoke. Kisha akaketi kivulini na simu yake.

Wali unapoa. Wenye sare wamepanga foleni, sahani mikononi. Opicho hawamtazami. Wananitazama mimi.

"Shosho, si uwatoe tukule?" amesema mmoja wa mbele.

"Hata hawasomi hapa," mwingine akadakia.

Sasa wanagonga sahani. Watoke, watoke. Opicho hajainua kichwa. Hana haja, watoto wanamfanyia kazi. Kageha yuko katikati ya foleni. Alianza kugonga polepole, akiangalia chini. Sasa anagonga kama wenzake.

Jacky ameniuliza mbona dada yake anamfukuza. Amesimama, anajikung'uta vumbi, anataka kwenda nje. Nimemshika kwa mkono usioandika. Anavuta, analia, na mimi sijui tena kama ninamshikilia kwa ajili yake au kwa ajili yangu.