Namba ya Mama Inajibu

S.L.P. 417,
Voi.
16 Julai 2023

Mpendwa kaka Mwadime,

Salamu nyingi kutoka kwa dada yako. U mzima? Jua la huko Qatar limepunguza ukali, au bado linawakaanga? Na mgongo, unaupumzisha kidogo, au bado wasimama getini kwa saa kumi na mbili kama mlingoti wa bendera? Mimi mwili u mzima. Moyo ndio unaosumbua, na ndiyo sababu nimeshika kalamu.

Utashangaa kupata karatasi. Righa, mwana wa Mjomba Samba, anarudi huko Jumamosi, nimemwomba akutie barua hii mkononi. Kwenye simu, kila nikimtaja Mama unasema mtandao mbaya. Karatasi haina mtandao, kaka. Utaisoma mpaka mwisho.

Mimi na Mutinda, mwenzangu wa kazi, bado tuko kwenye kile chumba chetu cha kazi juu ya duka la mabati. Mwezi wa tano tulipata kazi nzuri, tovuti ya chama cha maji cha Mwangoji. Mtu anafungua, anaona maji aliyotumia, anabonyeza "lipa", na papo hapo ombi linachomoza kwenye simu yake. Anaweka pini, kwisha. Wazee wa chama wanadhani ni kitu cha siku mbili. Ukweli ni kwamba kuiunganisha tovuti na pesa za simu ni kazi ya kungoja. Unatuma ombi kwa kampuni ya simu, kampuni inampelekea mteja, nawe unakaa ukisubiri jibu lirudi: amelipa, amekataa, au simu yake imezimwa.

Kungoja huko nilijifunzia kwa Mama. Unakumbuka nilipokuwa chuoni, nikija likizo na ile kompyuta ya kuazima? Nilihitaji simu ya mtu mwingine ya kujaribia, nikaweka namba yake. Kila saa ombi la shilingi moja. Nasikia kutoka jikoni, "We Mghoi! Wanidai tena? Ile ya jana umeshaila?" Lakini alikuwa akilipa. Tena akiweka pini alijifunika leso hata kama jikoni yuko na kuku peke yao. Pini ile hakumwambia mtu. Hata hospitalini, tulipomwomba atutajie ili tununue dawa kwa pesa zake mwenyewe, alicheka kwa shida akasema, "Hiyo naenda nayo." Akaenda nayo kweli.

Sasa nikuambie kosa langu. Sisi watu wa kazi hii hatupendi kuandika upya kilichokwisha kuandikwa. Nilibeba vipande vya kazi zangu za zamani nikavitia kwenye tovuti ya maji. Kimoja ni kijiprogramu ambacho kila siku saa moja asubuhi kinatuma ombi la shilingi moja kwenye namba ya majaribio, ili tujue njia iko wazi kabla watu hawajaanza kulipa. Namba iliyokuwamo nilikuwa nimeisahau. Ilikuwa ya Mama.

Wiki nzima jaribio lilifeli kila asubuhi, nami nikalaumu mawingu kwa kuharibu mtandao. Siku nilipofungua orodha ya majibu nikaiona namba, tarakimu zile tunazozijua kuliko jina letu, na kando yake: simu haipatikani, simu haipatikani, simu haipatikani. Ningeifuta pale pale, lakini sikuifuta. Nilipenda kuiona imekaa katikati ya namba za watu walio hai.

Kisha asubuhi moja jibu likabadilika. Liliandika: hakujibu. Wewe huenda usione tofauti. Haipatikani maana yake simu imezimwa. Hakujibu maana yake simu inawaka, ombi limefika, kioo kimeng'aa, na hakuna aliyekigusa. Ikawa hivyo asubuhi mbili. Asubuhi ya tatu liliandika: amekataa. Kwa hiyo palikuwa na kidole, Mwadime.

Ya nne nilimkuta Mutinda amefika kabla yangu, anamenya yai. Akaniambia, "Mghoi, ile majaribio yako leo imepita. Shilingi imeingia."

Nilikaa chini kabla ya kukivuta kiti vizuri. Shilingi haiingii bila pini, na pini ilikuwa kaburini.

"Kwani ni namba ya nani?" akauliza.

"Ya mama yangu."

"Si tulimzika Machi? Si mimi mwenyewe nilibeba viti?"

"Tulimzika."

Aliweka yai chini. "Haya. Sisi Wakamba ndio mnatusema kwa uchawi, lakini hata sisi hatujafika hapo. Toa hiyo namba, dada. Itoe leo."

Sikuitoa. Nilituma ombi mwenyewe saa nne, kimya. Nikatuma saa tisa, kimya. Kesho yake saa moja, imelipwa. Kesho kutwa, imelipwa. Asubuhi kumi na moja mfululizo. Utaniuliza mbona sikupiga simu. Nilijaribu. Niliandika namba yote nikashindwa kubonyeza. Niliogopa isiite, na niliogopa zaidi ipokewe.

Mwishowe woga ulinizidi. Jumatano moja niliitoa namba ile nikaweka yangu. Nilidhani nitapata nafuu. Badala yake nilijiona kama mtu aliyemfungia mamake mlango.

Jumamosi alinipigia Mama Shali, yule jirani. Hakunisalimu. "Mghoi, njoo umwone babako. Hii siku ya tatu hali kitu. Nimempelekea kimanga kimelala, nimempa uji umelala. Amekaa mlangoni na simu mkononi, ukimsemesha anakwambia ngoja, atakuja. Nani atakuja? Mimi naogopa kumuuliza."

Nilipanda Wundanyi siku hiyo hiyo. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye migomba, na nyumba yetu sikuiona hadi nilipofika uani. Baba alikuwa kizingitini na koti lake la kanisani. Mashavu yamemwingia. Mkononi ameshika simu ya Mama, ile ya vitufe, yenye mpira wa kushikia betri. Kandoni vikombe viwili vya chai, vyote vimepoa.

"Afadhali umekuja," akasema. "Hii simu imeharibika. Tangu Jumatano haileti."

"Haileti nini, Baba?"

"Mama yako. Saa moja."

Nilimkodolea macho. Akanikazia macho. "Usinitazame hivyo. Sijarukwa na akili. Nilimzika mwenyewe, udongo niliutia kwa mkono huu. Kaa."

Nikakaa. Akanieleza kwamba alifungua sanduku la Mama kutafuta leso ya kuwapa akina mama wa kanisa, akaikuta simu ndani yake inawaka. Mara ikalia mkononi mwake, ikamuuliza kama anataka kulipa shilingi moja. Akaogopa, akakataa. Kesho yake ikauliza tena, saa ile ile.

"Miaka thelathini na minane, Mghoi," akasema. "Kila asubuhi mama yako akiniomba hela ya sukari, namwambia sina. Siku nyingine ninayo, iko hapa mfukoni, lakini nakataa tu, eti asije akazoea. Sasa akaniomba moja. Moja! Nimwambie tena sina?"

"Na pini uliijuaje?"

Hapo alitabasamu kidogo. "Kipande changu." Unakijua, ile namba yake ya kazini alipokuwa akikata mkonge. "Mwanamke aliyekuwa akinitukana kila siku kwamba mkonge umenila akili, ataweka nini kingine? Sikujaribu mara mbili."

Kaka, nililia pale mlangoni bila kuficha. Mama aliyekuwa akimsema vile Baba, kumbe kila alipojifunika leso alikuwa akiiandika namba yake. Tarakimu siziandiki hapa. Righa ni mwana wa mjomba, lakini macho hayana pazia.

Salio la Mama lilikuwa limekwisha zamani. Baba alishuka na goti lake bovu mpaka kwa ajenti, akaweka shilingi hamsini kwenye namba ya marehemu, ajenti akimtazama, naye akapanda kurudi.

Niliona ni dhambi kumwacha gizani. Nikamwambia, "Baba, ni mimi. Ni programu yangu ya maji, nilisahau namba yake ndani. Jumatano nimeitoa."

"Najua ni nyinyi wa kompyuta," akasema. "Inaandika jina la chama cha maji, mimi si kipofu. Lakini hukuiweka kusudi. Ulisahau. Sasa nani alikusahaulisha?"

Na kuna jingine ambalo sijamwambia. Asubuhi ile aliyofungua sanduku ndiyo asubuhi aliyokataa, hilo ana hakika nalo. Lakini orodha yangu inaonyesha simu iliwaka siku mbili kabla. Nimemuuliza mara tatu kama kuna aliyeigusa. Hakuna. Anaishi peke yake, na betri ile tangu Machi ilikuwa haijatiwa moto. Mutinda anasema simu za zamani huwaka zikipigwapigwa, labda panya. Namwachia panya wake.

Nilirudi Voi Jumapili. Sikungoja kufika kazini. Nikaketi kitandani nikairudisha namba ya Mama, safari hii kwa kusudi, na kila tarakimu nikiitamka. Mwenyekiti wa chama nimemweleza. Alisema hata yeye anaweka sahani ya marehemu mumewe mezani, kwa hiyo tusiulizane.

Jumatatu saa moja nilikuwa mbele ya kompyuta. Ombi limetumwa. Nikahesabu pumzi zangu. Ombi hufa baada ya dakika moja hivi, na ilikuwa dakika ndefu kuliko ile ya kimya tuliyosimama kaburini. Imelipwa. Mama Shali akapiga baadaye, "Amekula! Na amenifokea chumvi imezidi." Hapo nikajua amepona.

Sasa neno langu kwako, na usiliruke. Mama aliniambia hospitalini kwamba alikuomba pesa, ukamjibu, "Mwisho wa mwezi, Mama." Hakulisema kwa hasira, alikuwa akikutetea. Alisema kazi za watu huko ni ngumu. Mwezi ulikuwa na siku thelathini na moja, naye akaenda tarehe ishirini na saba. Hukuja kuzika, na tangu hapo mtandao wako umekuwa mbaya. Sikulaumu, kaka. Nakuambia kwa sababu nimeona mtu akikaa na "sina" yake kifuani mpaka ikamnyima chakula, na sitaki kuambiwa na Righa kwamba wewe nawe huli.

Goti la Baba halitaki tena ile njia ya kwa ajenti, nami ningeweza kuziweka hizo hamsini. Lakini nimeona nikuachie wewe. Mshahara ukiingia, usitume kwangu wala kwa Baba. Tuma kwa Mama. Hamsini zinamtosha mwezi na zaidi.

Baba anakusalimu, anasema ukija ulete betri ya ile simu. Mama Shali anakusalimu, anauliza lini utaoa. Mjomba Samba na wa kwake wote wazima. Mutinda anakusalimu ingawa hamjaonana, na anaomba usimletee chochote chenye kioo. Mungu akulinde getini pako, akupunguzie jua, na akurejeshe nyumbani ukiwa na miguu yako miwili na moyo mwepesi.

Wako akupendaye, tulionyonya titi moja,

Mghoi

N.B. Ukishaandika namba, kabla ya kukubali, simu itakuonyesha jina la unayemtumia, ili uhakikishe ni yeye. Litaandikwa Eunice Saru Mwakio. Usiharakishe kubonyeza. Kaa nalo kidogo.