Kura Mbili za Altenrade

Altenrade, Pomerania
Jumamosi, 8 Februari 1919

Kwa dada yangu mpenzi Hulda,

Pokea salamu tele za mdogo wako Alwine. Hujambo huko Berlin? Kifua chako je, bado kinakusumbua kwa mvuke wa dobini? Tuliposikia habari za risasi mitaani kwenu sikupata usingizi mzuri mpaka barua yako ilipofika. Huku tu wazima, Baba na mimi, ila ni uzima wa mwili tu. Nimeketi kukuandikia mara tatu, na mara tatu nimeinuka kwenda kutazama jiko ambalo halina neno.

Baba ni yule yule. Kaisari amekimbilia Uholanzi tangu Novemba, lakini picha yake ingali ukutani juu ya meza ya chakula, na Baba huipangusa kila Jumapili kabla ya ibada. Picha ya kaka yetu Ewald, aliyekufa vitani Flandria kwa ajili ya huyo huyo mkimbizi, iko chini yake, tena ndogo. Mimi humenya viazi nikizitazama zote mbili, na moyo hunichemka.

Sisi wanawake tulipopewa kura, Baba alisema dunia imekwisha. Siku mbili baadaye akagundua kwamba na za wanawake zinahesabiwa, akageuka. Akiwa mwenyekiti wa chama cha askari wa zamani, aliwapanga wazee wote mbele ya bendera, kila mmoja akaweka mkono juu yake na kuapia chama cha watu wa Kaisari, yeye na mkewe au bintiye. Jumla zikawa kura ishirini na mbili. Mzee Dumke, kwa utani wake ule, alisema yeye anaapa kwa niaba ya mkono wake tu, maana kwa mkewe hana amri hata juu ya chumvi ya supu. Wazee wakacheka, Baba naye akacheka.

Sijui kwenu mlifanyaje. Huku watu wa vyama walipita nyumba kwa nyumba wakigawa karatasi zao, zote nyeupe, zote kipimo kimoja, zina orodha ya majina basi. Unachagua ya chama chako, unaitia kwenye bahasha. Baba alikunja mbili, yake na yangu, akazihifadhi ndani ya kitabu chake cha nyimbo za kanisani. Jumapili baada ya ibada tukaenda nazo shuleni. Alivaa medali zote. Miwani hakuvaa, unamjua, kwake miwani na medali havivaliwi pamoja. Alipotumbukiza bahasha alilipigia sanduku saluti.

Matokeo yalipobandikwa, chama chao kilikuwa na kura ishirini. Mbili hazionekani. Baba hakuhitaji siku nzima kumpata mwenye hatia: nani ana mke asiyetawalika, na mwana aliyerudi kutoka jeshi la majini na kitambaa chekundu cha wafanyakazi mkononi? Alimkabili Mzee Dumke penye bomba la maji, watu wakisikia, akamwambia amekula kiapo kisha akakitapika. Mzee Dumke alimwuliza kama kweli anaamini hivyo, wao waliolala tope moja kule Ufaransa katika vita vya mwaka 1870. Baba akampa mgongo. Karata zao za kila Jumamosi zimekufa tangu siku ile.

Sasa homa hii inayoua watu imempata Mzee Dumke, na daktari haji tena. Kesho chama cha askari kinakutana kufuta jina lake. Unajua maana yake, dada. Atazikwa bila ngoma, bila bendera, bila ile milio mitatu ya bunduki kaburini, kama mtu aliyeokotwa njiani. Mkewe alikuja jana kumwomba Baba wangoje angalau wiki moja. Baba alimjibu kwamba bendera haingoji.

Hulda, keti kitako. Kura hizo mbili ni za nyumba hii. Siku moja kabla ya uchaguzi, Baba akipiga viatu rangi uani, nilifungua kitabu cha nyimbo, nikatoa karatasi zake mbili, nikatia mbili za chama cha wafanyakazi. Yangu nilikuwa na haki nayo. Ya Baba niliiba. Nilikuwa nimemtazama Ewald ukutani muda mrefu mno, sina udhuru mwingine. Siku ya kwanza kupewa sauti, nikaiba ya baba yangu.

Jana mama Dumke alipoondoka nilishindwa kujizuia, nikapiga magoti nikamweleza Baba yote. Nilingoja kofi. Aliketi, halafu akauliza nani mwingine anajua. Nikasema hakuna. Akasema basi na yaishie hapa, kwani ikijulikana kwamba mwenyekiti amewapa wekundu kura, yeye atauficha wapi uso wake? Nikauliza, na Mzee Dumke? Akasema mtu hasikii bunduki akiwa jenezani. Kisha akachukua kitambaa akaipangusa picha ya Kaisari, na ilikuwa Ijumaa. Nililia kuliko siku tuliyopata habari za Ewald.

Kesho saa nane wanakutana kilabuni. Mwanamke haruhusiwi humo ila akiwa amebeba bia, kwa hiyo nimemwomba mwenye kilabu nimsaidie kubeba. Nitaitua sinia mbele ya bendera na kuwaambia. Kisha nitakwenda kwa Mzee Dumke, Mungu amjalie awe bado anasikia.

Nisalimie shoga zako wa dobini. Salamu za Baba sikuletei, kwani hajui kama ninaandika. Nguo zangu nimezifunga kwenye kile kikapu cha marehemu Mama. Jumatatu jioni ukisikia hodi, fungua, ni mimi. Usipoisikia, ujue Baba amenisamehe, na hilo ndilo ninaloliomba zaidi.

Wako akupendaye,
Alwine